NASAHA ZA MWEZI: PORI SI MALI ISIYO NA MWENYEWE

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaotesha ndani yake kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. 

Huku kwetu Chiungutwa, katika nchi iliyo kati ya Masasi na Newala, mvua hukoma mwezi wa Aprili au Mei, na tangu hapo mpaka Novemba mbingu haitoi kitu. Nyasi zilizokuwa zafika kifuani mwa mtu hukauka zikawa kama makuti ya kuezekea. Ifikapo Agosti na Septemba, kila jioni huonekana wekundu wa moto upande huu au upande ule, na asubuhi majivu meusi yamejaa uani na juu ya nguo zilizoanikwa. Ukiuliza, "Nani aliyewasha?" hupati wa kukujibu. Lakini ukiuliza, "Kumeungua nini?" jibu u tayari kulipata: "Hapana kitu, ni pori tu."

Maneno hayo mawili, pori tu, ndiyo tuliyoona vema kuyazungumza mwezi huu. Twadhani kwamba madhara mengi tuyaonayo katika nchi yetu yametoka katika maneno hayo, na kwamba Mwislamu hana ruhusa kuyasema.

PORI NI NINI

Tuanze na pori lenyewe, maana mtu haheshimu asichokijua. Nchi yetu si msitu mnene usioingiwa na jua, wala si jangwa. Ni nchi ya nyasi na miti pamoja. Miti imesimama kwa kuachana kiasi cha jua kufika chini, na chini yake zaota nyasi. Wataalamu wa mimea huiita nchi ya namna hii savana, na savana yetu yenye miti mingi huiita kwa jina letu wenyewe, miombo. Jina hilo limeingia katika vitabu vya mataifa yote. Miombo imeenea kutoka Tanzania kwenda Msumbiji, Malawi, Zambia, Zimbabwe na Kongo, hata Angola. Katika hesabu ya misitu ya Tanzania Bara iliyotolewa mwaka 2015, misitu na mapori ya miti yalionekana kuwa hekta milioni 48.1, nayo ni zaidi ya nusu ya nchi kavu. Sehemu iliyo kubwa kabisa ya hizo si misitu minene, bali ni mapori ya miti kama haya yetu.

Humo ndimo umo mninga ufanyao milango na vitanda vyetu. Humo ndimo umo mpingo, ambao wachongaji wa Kimakonde wameujulisha duniani, na ambao mafundi wa Ulaya huutafuta kwa ajili ya ala zao za muziki za kupuliza. Humo mna asali, mna dawa, mna fito na kamba za kujengea, mna matunda ambayo watoto huyala wakitoka shule.

Habari ya uyoga akina mama waijua kuliko sisi. Mvua za kwanza zinyeshapo, wao huingia porini na vikapu, na kwa siku kadhaa nyumba hupata kitoweo kisicholipiwa. Wengi wetu hatujui kwamba uyoga ule mwingi haujiotei peke yake. Nyuzi zake nyembamba ndani ya udongo zimeshikamana na mizizi ya miti ya miombo. Mti huupa uyoga chakula chake, na uyoga huusaidia mti kupata maji na rutuba ya ardhi. Mti ukikatwa na mizizi yake ikifa, uyoga huo nao hauna pa kukaa, na kikapu cha mama hurudi kitupu. Basi mwenye kukata mti ule amekata na chungu cha jirani yake, ingawa hakujua.

Na pori ndilo blanketi la ardhi. Mvua ipigayo juu ya majani na nyasi hushuka polepole ikazama, lakini ipigayo juu ya udongo mtupu hukimbia, ikabeba rutuba na kuchimba makorongo. Katika uwanda wa Makonde, ambako udongo ni wa mchanga na maji yamekuwa shida tangu zamani, ambako wanawake wa vizazi vingi wameteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani, haifai mtu kulidharau jambo la maji kuzama au kukimbia.

WALIODHANI NCHI NI TUPU

Msidhani kwamba neno "pori tu" tumelianza sisi. Walilisema kabla yetu watu wenye vyeo na mitambo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kupikia. Serikali yake ikaazimia kulima karanga katika Afrika ya Mashariki kwa mitambo, na mwaka 1947 kazi ikaanza katika Tanganyika. Mahali palipochaguliwa ni Kongwa, na Urambo, na hapa jirani yetu Nachingwea. Shabaha yao ilikuwa eka zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na matrekta mawili yalifungwa mnyororo mmoja mzito yakaenda sambamba, yakiangusha kila kilichosimama katikati yao. Wale waliopanga kazi hiyo waliitazama nchi wakaona nafasi tupu inayongoja jembe.

Lakini nchi haikuwa tupu, ilikuwa na tabia zake. Mizizi ya miti ilivunja vyuma. Huko Kongwa udongo, ulipokwisha kuvuliwa miti na kupigwa na jua, ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zisiweze kung'oka. Mvua nazo hazikufuata kalenda ya ofisini. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, baada ya mamilioni mengi ya pauni kupotea. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga ilifungwa mwaka 1962. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki ikatufaa.

Hatulisimulii jambo hili kwa kuwacheka waliokwisha kwenda zao. Twalisimulia kwa kuwa kosa lao ndilo kosa letu. Wao walikuwa na vifaru, sisi tuna kiberiti, lakini neno la moyoni ni moja.

Kisha ikaja zamu ya biashara ya mbao. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji, na njia ya kusini ikawa nyepesi. Ni neema kubwa, nasi twaishukuru. Lakini pamoja na wasafiri na wagonjwa waliopata kuvuka, yalivuka pia malori ya magogo. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya biashara ya mbao katika kusini ya Tanzania, ikaeleza kwamba katika mwaka mmoja wa serikali hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kupatikana yalipotea. Tafakarini, ndugu zetu. Katika kila shilingi 100 iliyokuwa haki ya umma, zilipatikana 4. Hilo ni wizi wa amana, na alitendaye, awe mwenye shoka au mwenye kalamu, atasimama nalo Siku ya Hesabu.

MIKONO YETU WENYEWE

Sasa tuwaache wengine, tujitazame.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi akapanda Newala, na katika kitabu chake alieleza jinsi Wamakonde walivyofyeka na kuchoma makonde yao juu ya uwanda, kisha wakayaacha yakageuka vichaka vinene visivyopenyeka. Wazee wetu waliolima hivyo hawakuwa wajinga. Walilima miaka michache, wakahama, wakaliacha konde lilale miaka mingi mpaka likapata nguvu tena. Visiki na mizizi ilibaki ardhini, nayo miti ya miombo ina sifa ya kuchipua upya kutoka katika kisiki. Mahame ya baba yalikuwa akiba ya mjukuu.

Desturi hiyo ilifaa watu wakiwa wachache na ardhi ikiwa nyingi. Katika miaka ya 1970 watu walikusanywa katika vijiji, wakapata shule, zahanati na barabara. Lakini mashamba yaliyo karibu na vijiji yakalimwa bila kupumzishwa, na mashamba ya mbali yakaachwa. Mikorosho iliyobaki mbali ilimezwa na vichaka. Ukaja na ugonjwa wa ubwiri unga, na bei nayo haikumtia mkulima moyo. Korosho za Tanzania, zilizofika tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, zilishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Haya yatufundisha kwamba mti usiotunzwa na mwenyewe, hata ukiwa wa biashara, hugeuka pori, na penye kichaka kikavu moto haukosi njia.

Alhamdulillahi, korosho zimerudi. Wataalamu wa Naliendele na wakulima wenyewe walijifunza kuupiga ubwiri unga kwa salfa, na msimu wa 2017/18 nchi ilipata tani zaidi ya 300,000. Hii ni riziki ya halali. Humo hutoka ada za shule, mabati ya nyumba, na hata nauli ya Hija. Lakini kila neema ina adabu yake. Wapimaji wa udongo wameonya kwamba salfa ianguka ardhini mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo wetu wa mchanga. Na bei ikiwa nzuri, kila mtu hutamani kufyeka konde jipya, hata penye mteremko, hata penye chemchemi, bila ya kwanza kuipogoa na kuitunza mikorosho aliyorithi.

Huko Brazili, ulikotoka mkorosho ukaletwa na Wareno katika pwani yetu, wana savana kubwa iitwayo Cerrado. Katika muda wa miaka 50 hivi, karibu nusu ya uoto wake wa asili imegeuzwa mashamba ya soya na malisho ya ng'ombe. Basi jambo hili si la Masasi peke yake. Walakini Mwenyezi Mungu hatatuuliza habari za Brazili; atatuuliza habari za mahali alipotuweka.

Na mkaa je? Mchomaji mkaa ni ndugu yetu, mara nyingi ni maskini, nasi hatumtukani. Lakini na ajue hesabu yake. Tanuri la udongo la kienyeji, katika kilo 100 za kuni kavu, hutoa kilo 10 mpaka 20 za makaa. Zilizobaki zimekwenda moshini. Mnunuzi wa mjini anayepika maharage kwa jiko bovu, naye ana fungu lake katika mti ulioanguka.

MOTO NA DHAMANA YAKE

Turudi katika moto, maana ndio tuliouanzia, na ndio ulio katika mikono ya kila mtu, hata mtoto.

Tusiseme uongo juu ya moto. Savana imeujua moto tangu zama za kale, na miti yake mingi ina maganda manene ya kuuvumilia. Moto wa mapema, uwashwao mwezi wa Juni wakati nyasi bado zina ubichi, hupita chini chini, nao huzuia moto mkubwa wa baadaye. Moto wa Septemba na Oktoba, wakati kila kitu kimekauka na upepo wavuma, huo hupanda mpaka kwenye matawi na kuua miche yote. Pori likichomwa hivyo kila mwaka, miti mizee hufa mmoja mmoja, wala hapana mtoto wa kushika mahali pake.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura Yasin, aya ya 80, kwamba ni Yeye aliyetufanyia moto kutokana na mti mbichi. Na katika Sura Al-Waqia, aya ya 71 mpaka ya 73, atuuliza habari ya moto tuuwashao: je, ni sisi tulioumba mti wake, au ni Yeye? Kisha aeleza kwamba ameufanya uwe ukumbusho na manufaa kwa wasafiri. Tazameni jinsi moto na mti vilivyotajwa pamoja. Mwenye kuwasha njiti moja ya kiberiti ameshika vitu viwili asivyoviumba, naye amepewa kwa ajili ya manufaa.

Imepokewa katika hadithi ya Abu Daud kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliona kichuguu cha sisimizi kimechomwa. Akauliza ni nani aliyekichoma. Masahaba waliposema ni sisi, aliwafundisha kwamba kuadhibu kwa moto hakumpasi yeyote ila Mola wa moto. Ikiwa hivyo ndivyo kwa kichuguu kimoja, atasemaje mtu aliyeunguza bonde zima, na viota, na makinda, na kobe wasioweza kukimbia, kwa kuwa alitaka kuwatoa panya watano mashimoni? Hukumu ya nyama ya panya ni mlango mwingine, leo hatuufungui.

Sasa sikilizeni sana. Huletwa mashauri ya namna hii: mtu amesafisha shamba lake, akawasha moto adhuhuri, siku ya upepo, bila kumwambia jirani. Moto ukavuka mpaka, ukaingia katika shamba la mjane, ukaunguza mikorosho yake. Akiulizwa husema, "Ni kudra ya Mungu." Wazee husema, "Msamehe, mama, amekwisha kuomba radhi." Na mjane, kwa haya, hunyamaza.

Kila jambo ni kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, nasi twaamini hivyo. Lakini kudra haimwondolei mtu dhamana ya alilolitenda kwa mkono wake. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamelieleza jambo hili wazi: mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kadiri ya desturi, akaangalia, kisha ukaruka bila ya uzembe wake, hapana dhamana juu yake. Lakini akiwasha siku ya upepo mkali, au akiwasha moto mkubwa kupita desturi, ukaenda kuharibu mali ya mtu, yampasa kulipa. Na mwenye kuwasha katika ardhi ya mwenziwe bila ruhusa, huyo ndiye zaidi.

Katika Sura Al-Anbiya, aya ya 78 na ya 79, imetajwa hukumu ya Nabii Daudi na mwanawe Nabii Suleimani juu ya shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wamesimulia kwamba Daudi alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Suleimani akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike kwa maziwa na sufu, na mwenye kondoo alishughulikie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe mali yake. Hatusemi kwamba kila kadhi atahukumu kwa namna hiyo hiyo leo. Lakini twajifunza kwamba haki ya shamba lililoharibiwa ni shamba kusimama tena. Mkorosho hungojwa miaka 3 na zaidi kabla ya kuzaa vema. Aliyeunguza mikorosho kumi ya mjane hajamaliza kwa kusema "niwie radhi" mlangoni. Yampasa alipe thamani yake, na akitaka radhi ya kweli, aende na jembe, apande, apalilie, achunge, mpaka miti ile ikae.

Na hili tusilifiche: toba haikamiliki penye haki ya mja mpaka haki irudishwe, au mwenyewe asamehe kwa hiari yake. Huwezi kufunga Ramadhani, ukasimama Tarawehe, ilhali mikorosho ya mjane iko shingoni mwako. Ama mjane, kusamehe ni fadhila yake, na malipo yake yako kwa Mola. Lakini sisi wazee hatuna ruhusa ya kumlazimisha fadhila ili tupate kumaliza baraza upesi.

"Na ikiwa moto haukufika shamba la mtu, umeishia porini?" Hapo ndipo neno "pori tu" linapojificha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu wameshirikiana katika maji, malisho na moto. Kitu cha ushirika si kitu kisicho na mwenyewe. Kina wenyewe wengi, na mwenye kukiharibu ana wadai wengi. Imepokewa pia katika Abu Daud onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi, na Abu Daud mwenyewe aliposherehesha alisema ni ule ulioko nyikani, wapumzikiao wasafiri na wanyama kivulini, aukataye bure kwa dhuluma. Mti wa nyikani! Haukupandwa na mtu, wala haumo uani mwa mtu, na bado una haki.

YATUPASAYO

Ndugu zetu, elimu isiyo na kazi ni mti usiozaa. Twawausia haya.

Baba wa nyumba: kama waweza kulima bila kuchoma, ni bora, majani yaliyofyekwa yaache yaoze, yatalilisha shamba. Ukilazimika kuchoma, choma mapema katika kiangazi. Fyeka kwanza njia pana kuzunguka shamba, mpaka udongo uonekane. Waarifu jirani wa pande zote. Ngoja jioni upepo utulie. Uwe na watu, na matawi mabichi, na maji ya kadiri uwezavyo. Wala usiondoke mpaka majivu yamepoa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo imeweka sharti la kibali kwa anayetaka kuchoma majani nje ya makazi yake. Basi kutii ni wajibu wa raia na ni kinga kwako. Unapofungua konde, using'oe kila kisiki, na acha miti mikubwa michache isimame iwe mama wa mbegu.

Mama wa nyumba: matawi ya mikorosho iliyopogolewa ni kuni nzuri, yasichomwe shambani bure. Jiko banifu hupunguza kuni na moshi, nayo macho na vifua vya watoto hupata nafuu. Na mtoto asipewe kiberiti kwenda nacho shamba.

Vijana: mnaporina asali, msiutupe mwenge ungali hai, moto mwingi huanzia hapo. Afadhali tundikeni mizinga, asali ipatikane kila mwaka bila ya kuangusha mti. Msiwashe pori kwa mchezo wala kwa uwindaji. Kijana hodari ni yule anayeuzima moto wa mwenziwe.

Na sisi sote, katika mikutano ya kijiji, tulitake pori letu lipimwe na liandikwe. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2002 imevipa vijiji haki ya kutenga misitu yao na kupata faida yake. Ndugu zetu wa Kilwa walifanya hivyo. Vijiji vyao vilitenga misitu, vikaweka walinzi na hesabu ya miti ya kukatwa, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha utunzaji mwema wa misitu, cha kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Mpingo wao hukatwa kwa kipimo, na fedha huingia katika kijiji. Huo ndio mfano wa pori lililopata kuitwa kwa jina la wenyewe.

Mwisho, pandeni. Mtume wetu (s.a.w.) ametubashiria kwamba Mwislamu akipanda mti, akala ndani yake ndege, au mtu, au mnyama, hiyo ni sadaka kwake. Na ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Kila chuo kina ua. Kila mtoto aliyehitimu juzuu na apande mti mmoja, aumwagilie kiangazi chake cha kwanza, asiuache kufa.

Msimu wa moto hauko mbali. Usiku wa leo, baba na awakusanye watoto wake baada ya Isha, awasomee hayo machache, kisha awaulize swali hili: tukiona moshi kesho upande wa jirani, nani kati yetu atakayekimbilia huko? Nyumba itakayolijibu swali hilo kwa vitendo, hiyo imeelewa maneno yetu.

Ee Mola wetu, tujaalie kuwa watengenezaji wa ardhi yako wala si waharibifu wake, utusamehe haki zako, utuwezeshe kuzilipa haki za waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.